Koki ya Hodhi Langu Iliyo Nyuma ya Friza Yako

Upande wa pili wa ukuta wako,
Ghorofa ya pili.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi wa Jengo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUNYIMWA NJIA YA KUFIKIA KOKI YA HODHI LANGU LA KUOGEA

Nakusalimu kwa heshima zinazostahili cheo chako, na pia kama baba yako mzazi. Nimelazimika kukuandikia rasmi kwa sababu juzi, nilipokueleza jambo hili kwa mdomo huku ukinikata kucha, ulinijibu, "Baba, mwenye malalamiko aandike barua kwa kamati." Basi nimeandika. Nilikuwa hakimu kwa muda mrefu kabla ya kuwa mzee wa kukatwa kucha, na utaratibu nauheshimu hata unapotumiwa kuninyamazisha.

Nianze kwa kusema kwamba naufahamu muundo wa kamati. Mwenyekiti ni wewe, binti yangu. Mweka hazina ni mume wako. Katibu ni fundi cherehani anayekaa chini yangu, ambaye ndiye aliyenishitaki. Kwa maneno mengine, shauri langu litasikilizwa na aliyenihukumu, mumewe, na shahidi wao mkuu. Watu wamenitajia ile methali ya kesi ya ngedere na hakimu nyani tangu nilipovaa joho kwa mara ya kwanza, kila mmoja akidhani sijawahi kuisikia. Sikuwaza kwamba siku moja nami ningekuwa ngedere. Hata hivyo naendelea, kwa kuwa nyani mwingine sina.

Kwa faida ya wajumbe wasiojua, jengo hili lilijengwa na mkandarasi aliyeushika mchoro kinyume. Matokeo yake, koki inayofungulia na kufungia maji ya hodhi langu haiko bafuni kwangu. Iko jikoni kwako, ukutani, nyuma ya friza. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Koki isiyoguswa ni kama mkwe anayeishi mbali, unamheshimu bila kumfikiria. Shida ilianza siku ulipoifunga, ukarudi kwangu ukiwa umekunja mikono ya blauzi na kuniambia, "Baba, hodhi basi."

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu friza. Jumapili iliyopita nilikuja kwako kwa nia ya kuikagua koki yangu. Nilivaa kofia kabisa. Uliniketisha kwenye kochi linalotazama televisheni, ukanipa chai, na kila nilipotaka kuinuka mume wako aliniwahi begani: "Tulia mzee, sema unataka nini nikuletee." Nilitaka koki. Koki hailetwi. Nilipopata nafasi ya kufika jikoni, kwa kisingizio cha kurudisha kikombe, nilikuta friza imebanwa ukutani, imejaa samaki, na juu yake zimepangwa sufuria zote za ukoo wetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha nyuma ya friza sharti awe na vijana wenye nguvu na mgongo usio wangu. Naiuliza kamati: mali ya mtu ikiwekwa mahali ambapo yeye peke yake hawezi kufika, bado ni mali yake?

2. Kuhusu mashitaka yaliyosababisha koki kufungwa. Sikupewa nafasi ya kujitetea, kwa hiyo najitetea sasa.

(a) Inadaiwa kwamba nililala ndani ya hodhi huku bomba likiwa wazi, maji yakafurika, yakapenya sakafuni na kuilowesha suti ya bwana harusi iliyokuwa imetundikwa kwa fundi cherehani. Sikulala. Nilikuwa nimefumba macho nikitafakari. Nilikoroma kwa sababu ndivyo ninavyotafakari, na mawakili wote waliopata kusimama mbele yangu baada ya chakula cha mchana watathibitisha hivyo. Isitoshe, suti ilikauka na bwana harusi akaoa. Hakuna ndoa iliyovunjika kwa sababu yangu, jambo ambalo si kila mjumbe wa ukoo huu anaweza kulisema.

(b) Inadaiwa kwamba nilianguka. Sikuanguka. Niliketi kwa haraka mahali ambapo sikuwa nimepanga kuketi.

(c) Inadaiwa kwamba Sista, yule muuguzi wa nyumbani mliyeniajiria, aliniita mara nyingi mlangoni na sikuitika. Ni kweli. Aliniita "babu," naye si mjukuu wangu. Nilikuwa nangoja aliyeitwa aitike.

3. Kuhusu ndoo, kopo na Sista mwenyewe. Badala ya hodhi nimepewa kigoda cha plastiki, ndoo, kopo, na Sista. Sina ugomvi na mama huyu. Mikono yake ni ya upole na huimba chini chini ili nisione haya. Lakini kila asubuhi husema, "Haya babu, tuoge." Yeye hubaki na nguo zake zote, viatu vyake na saa yake ya mkononi. Anayeoga chumbani humo ni mmoja tu, naye haulizwi kama maji yamepoa. Hunisugua mgongo kama mtu anayesugua sufuria ya mwajiri, kwa bidii, akiwaza mambo mengine. Akimaliza hunipiga begani mara moja na kusema, "Umetakata sasa, bwana harusi." Nimewahi kumfunga mtu kwa dharau ndogo kuliko hiyo.

Hapa naomba kamati isome polepole. Daktari alinieleza habari za moyo wangu kwa sauti ile ile niliyokuwa nikitumia kusomea hukumu, kwa hiyo nilimwelewa kabla hajamaliza sentensi. Siku moja, nayo si ya mbali, nitalazwa chali nioshwe na watu wengine. Watanigeuza watakavyo, watazungumza mambo yao juu ya kichwa changu, na sitakuwa na la kusema. Sipingi. Hiyo ni zamu yao. Ninachoomba ni kwamba kabla zamu yao haijafika nipewe yangu: maji mengi ya kunibeba kidogo, mlango uliofungwa, na sabuni mkononi mwangu mwenyewe. Mwili huu nimeutumia maisha yangu yote. Nataka kuuaga tukiwa wawili tu.

4. Kuhusu kanuni yenyewe. Kamati imeweka kanuni kwamba mtu akionekana kuwa hatari kwa nafsi yake na kwa dari ya jirani, koki yake ishikwe na mtu mwingine. Kama hakimu mstaafu sina budi kuuliza kwa nini kanuni nzuri namna hii iishie kwangu. Mweka hazina amewahi kulala pasi ikiwa juu ya suruali. Nashauri swichi yake ya umeme niishike mimi. Katibu hushona bila miwani kwa sababu anasema miwani inamzeesha, na ameshajidunga kidole mara zisizohesabika. Kanyagio la cherehani yake lihifadhiwe na muuza nyama wa ng'ambo ya barabara. Mlinzi wa getini hunywa soda baridi na huku ana jino bovu. Mdomo wake usimamiwe na Katibu. Sista huacha maharage jikoni akaenda kuzungumza na mlinzi huyo huyo mpaka moshi uwaite. Mtungi wake wa gesi ukae kwa Mweka hazina. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, huendesha gari huku ukigombana na mdogo wako kwenye simu. Funguo zako azitunze Sista. Tukienda hivyo kwa haki, bila upendeleo, tutafika siku ambayo wakazi wote wa jengo hili watakuwa wameketi milangoni, kila mmoja ameshika koki ya mwenzake, salama salimini, na hakuna hata mmoja anayeoga.

5. Kuhusu suluhisho. Sikuja kulalamika tu. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa kwamba nafasi iliyo kati ya friza na ukuta itangazwe kuwa njia ya umma, nami nipewe haki ya kupita wakati wowote bila kuulizwa kama nimekula. Nikaona haitoshi, kwa kuwa siwezi kupita mahali pembamba kuliko tumbo langu. Pendekezo la pili ni kutoboa ukuta na kuweka mlango kutoka bafuni kwangu hadi jikoni kwako. Nikakumbuka kwamba mume wako hupika akiwa amevaa kaptura tu, na kwamba mimi nitakuwa nimevaa kidogo zaidi ya hapo, au pungufu. Nikaliondoa.

Pendekezo la tatu ndilo nililolipenda. Kwa kuwa ni rahisi kuhamisha watu kuliko kuhamisha mabomba, tubadilishane nyumba. Wewe na familia yako mhamie kwangu, mimi nihamie kwako iliko koki. Nilikuwa nimeshagawa vyumba na kuamua wajukuu watalala wapi, ndipo nikagundua dosari: koki ingekuwa kwangu, lakini hodhi lake ningekuwa nimewaachia ninyi. Hodhi lenu ningelipata, lakini koki ya hodhi hilo iko mahali ambapo nitapataja katika hoja inayofuata. Kwa hiyo pendekezo la mwisho, ambalo halina dosari yoyote ninayoiona, ni mimi kubaki na bafu langu lakini kuhamishia kitanda changu jikoni kwako, kando ya friza. Sitakuwa mzigo. Friza ina mlio wa kubembeleza, na samaki hawaniiti babu.

6. Ungamo. Sheria inataka mlalamikaji aje mbele ya baraza akiwa na mikono safi. Yangu si safi, na si kwa sababu ya ndoo peke yake. Sina muda mrefu, na sitaki kuondoka na jambo hili.

Mwajua kwamba hodhi lenu nalo siku hizi halitoi tone. Mwaona ni Mamlaka ya Maji. Si wao. Mkandarasi wetu alikosea kwa usawa, pande zote mbili. Siku chache baada ya wewe kufunga koki yangu nilikuwa natafuta tai kabatini, nikasukuma makoti, na nyuma yake nikaona kijimlango cha mbao ambacho siku zote nilidhani ni cha fundi umeme. Nikakifungua. Ilikuwepo koki. Nikaizungusha, si kwa nia mbaya, bali kwa nia ya uchunguzi. Mara nikamsikia mume wako kupitia ukutani: "Mama watoto, maji yamekatika na mimi nina povu machoni." Sijapata furaha ya namna ile tangu nilipostaafu. Sikuirudisha. Mpaka ninapoandika haya bado imefungwa.

Nakiri pia kwamba mlipoiandikia Mamlaka ya Maji barua kali, mkaniletea niipitie lugha, niliipitia. Mimi ndiye niliyebadilisha "uzembe" ukawa "uzembe uliokithiri." Nilisahihisha na koma. Kama kuna ofisa huko amekosa usingizi kwa sababu ya barua ile, naomba mumtafute na kumpa pole zangu.

Lakini ungamo lenyewe liko hapa. Hodhi lenu lilipokauka, ulianza kuja kwangu jioni na ndoo, kuchota maji kwenye bomba la jikoni kwangu, kwa kuwa la kwako unasema linanuka kutu. Bomba langu hutoka taratibu, unalijua. Ulikuwa unakaa kwenye kiti cha marehemu mama yako ukingoja ndoo ijae. Kabla ya hapo habari zako nilikuwa nazipata kwa Sista, na zangu ulikuwa unazipata kwa Sista, hata mafua. Sasa ukaanza kunieleza mwenyewe: kwamba mwanao wa kwanza anataka kuacha shule apige gitaa, kwamba wewe unaogopa kuwa kama shangazi yako, kwamba kuna siku unakaa ndani ya gari pale chini bila kuzima injini kwa sababu hutaki kupanda bado. Siku moja ndoo ilijaa, ikamwagika sakafuni, na wote wawili tuliitazama bila kuinuka. Kwa hiyo kosa langu nalikubali, ila naomba liandikwe sawasawa: nilianza kwa kisasi, sikuendelea kwa kisasi.

Hata hivyo, ungamo hili lisichukuliwe kuwa ni kuiacha kesi yangu. Mkosaji naye ana haki ya kuoga.

Kwa hayo yote, naiomba kamati yako tukufu iamue kwamba: koki ihamishiwe upande wangu, kisha nikabidhiwe mimi peke yangu, kisha ikubalike kwa maandishi kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, niwezaye kuingia majini, kuoga na kutoka, bila kusimamiwa na mtu yeyote.

Nakutakia uongozi mwema na uti wa mgongo ulionyooka. Nisalimie mkwe wangu, na umwambie macho yakiwasha tena aoshe kwa maji ya kunywa. Nisalimie wajukuu wote, hasa huyo wa gitaa. Msalimie Katibu, na mchumba wake anayejifanya ni mteja wa kila siku. Msalimie mlinzi na jino lake. Msalimie hata mkandarasi, popote alipo, kama bado anashika michoro.

Ni mimi, mkazi mtiifu wa jengo hili na baba yako,

Hakimu Mstaafu

Nakala: Mweka hazina, Katibu, Sista (asisomewe hoja ya tatu).

Tanbihi. Mwanangu, kuna jambo dogo sikulitaja hapo juu kwa sababu lingeharibu mtiririko wa hoja. Asubuhi hii ulimwita fundi bomba aje aangalie kwa nini hodhi lenu halitoi maji. Nilimsikia akiisogeza friza, kisha akasema, "Mama, hii hapa imefungwa, ndiyo maana," akaifungua. Alifungua ya kwangu. Bomba langu, ambalo tangu siku ile nililiacha wazi kwa ajili ya matumaini, likakohoa, likatema kutu, kisha likatoa maji. Nilimwambia Sista kwamba naenda msalani na huenda nikakawia, anipe kalamu, karatasi na kile kibao cha kukatia vitunguu. Akasema, "Wazee wasomi nanyi mna mambo," akanipa. Nikafunga mlango kwa komeo. Nikaingia.

Barua hii nzima nimeiandika ndani ya hodhi. Mpaka hoja ya nne ilikuwa ndiyo asubuhi nzuri kuliko zote tangu mama yako atutoke. Nilipofika hoja ya tano nilitaka kupunguza maji, na mkono wa bomba ukang'oka ukabaki mkononi mwangu. Kizibo nimekikalia. Miguu nimeiomba iinuke, ikanijibu kama kamati inavyojibu. Maji sasa yako kifuani na kibao kinaanza kuelea. Nilipoandika kwamba sina muda mrefu nilikuwa na maana ya miezi.

Sista yuko nje ya mlango. Ameuliza, "Babu, mbona kimya?" nikamwambia naandika hukumu. Simwiti aingie, kwa kuwa hatasema neno, na uso wake utasema yote. Mume wako asije, maana mkwe akimkuta baba mkwe katika hali hii, hawatakaa meza moja tena. Karatasi hizi nazisukuma chini ya mlango kwa mpini wa dodoki, na nitamwambia azikimbize kwako, kwamba ni mambo ya kamati. Fundi bomba bila shaka bado yuko hapo kwako, anashangaa kwa nini hodhi lenu halijatoa kitu. Huyo ndiye aje, na taulo kubwa na bisibisi ya kufungulia komeo. Yeye si ndugu wa mtu. Na Katibu aambiwe aondoe nguo za wateja chini ya dari.

Kabla ya yote hayo, funga koki. Maombi yangu yote nimeyaondoa. Ibaki huko huko kwako, na friza irudishwe mahali pake. Ya kwenu nitaifungua mwenyewe nikishavaa, lakini ndoo usiache kuja nayo.

Ukifika, simama mlangoni uzungumze nami wakati fundi akihangaika. Usiingie, mama. Ila usiende mbali.